KABLA YA KISU: MIONZI NA DAWA KATIKA KUTIBU SARATANI YA PURU



Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa ambao wengi wetu tunaona aibu kuutaja mbele za watu. Nao ni saratani, au kansa, ya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Watu huficha ugonjwa huu kwa sababu unahusu mambo ya chooni. Lakini aibu hiyo imewachelewesha wengi, na katika ugonjwa huu kuchelewa kuna gharama kubwa.

Tuchukue mfano wa baba mmoja mkulima mwenye miaka 52. Kwa miezi minane alikuwa akiona damu kwenye choo. Alijiambia, "Hii ni bawasiri tu," akanunua dawa dukani, kisha akanywa mizizi aliyopewa na jirani. Alipoanza kukonda na kuishiwa nguvu, binti yake mkubwa alimpeleka hospitali. Ikaonekana ni saratani. Familia ikakusanyika, ikauza ng'ombe, ikajiandaa kwa ajili ya upasuaji. Lakini walipofika hospitali kubwa waliambiwa kwamba baba hatapasuliwa sasa. Kwanza atapigwa mionzi na kutumia dawa kwa wiki tano na nusu, halafu atapumzika majuma kadhaa, na ndipo atakapofanyiwa upasuaji.

Baba alishangaa. "Daktari, kama dawa ya ugonjwa huu ni kukata, mnasubiri nini? Si mtaniacha mpaka uenee?"

"Hatusubiri, mzee wangu," daktari akamjibu. "Siku utakayoanza mionzi ndiyo siku tutakayoanza kukutibu."

Nyumbani ndugu walinong'ona kwamba hospitali inawazungusha. Wengine walishauri mgonjwa arudishwe kijijini. Yanayomkuta baba huyu huwakuta wengi, na baadhi yao hurudi nyumbani kweli, wakaja tena wakati hakuna linaloweza kufanyika. Kwa hiyo tumeona inafaa kueleza kwa utaratibu sababu za madaktari kuanza na mionzi na dawa kabla ya kisu.

PURU NI NINI?

Chakula tunachokula hupita tumboni, kisha katika utumbo mwembamba, halafu katika utumbo mpana. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, yenye urefu wa sentimita 12 hadi 15 hivi, huitwa puru. Hapo ndipo kinyesi hukaa kabla ya mtu kwenda haja. Chini yake kuna misuli ya mviringo inayobana na kulegeza njia ya haja kubwa. Ni misuli hiyo inayotuwezesha kujizuia mpaka tufike chooni.

Jambo la kukumbuka ni kwamba puru limekaa ndani ya nyonga, mahali pembamba palipozungukwa na mifupa. Mbele yake kuna kibofu cha mkojo. Kwa mwanamume kuna pia tezi dume. Kwa mwanamke kuna uke na mfuko wa uzazi. Pembeni hupita mishipa ya fahamu inayohusika na mkojo na tendo la ndoa. Puru lenyewe limefunikwa na tabaka la mafuta lenye matezi madogo madogo. Saratani ikitoka ndani ya puru hupenda kuingia kwanza katika mafuta hayo na matezi yake.

Hebu fikiri juu ya mpasuaji anayefanya kazi ndani ya chungu chenye mdomo mwembamba. Uvimbe ukiwa umefika karibu na ukuta wa chungu hicho, hana nafasi ya kukata kwa upana ili aache ukingo salama. Akiacha chembe chache tu za saratani, ugonjwa huweza kurudi pale pale nyongani. Ugonjwa ukirudi hapo huleta maumivu makali, na ni vigumu sana kuutibu mara ya pili.

DALILI ZISIZOFAA KUPUUZWA

Damu kwenye kinyesi ndiyo dalili ya kwanza kwa wengi. Dalili nyingine ni mabadiliko ya choo yanayodumu kwa majuma, kama vile kuharisha na kufunga choo kwa zamu, kinyesi kuwa chembamba kuliko kawaida, kuhisi haja kila mara hata baada ya kutoka chooni, kutoka utelezi, kukonda bila sababu, na kupungukiwa damu.

Ni kweli kwamba damu nyingi za chooni hutokana na bawasiri wala si saratani. Lakini hakuna awezaye kutofautisha kwa kukisia. Daktari huanza kwa kupima kwa kidole alichovika glavu. Kipimo hiki ni cha dakika moja, hakihitaji umeme wala mashine, na uvimbe mwingi wa puru huweza kuguswa kwa njia hiyo. Mtu asikubali kupewa dawa za bawasiri mwezi baada ya mwezi bila kupimwa hivyo. Wala tusidhani kwamba ni ugonjwa wa wazee peke yao; vijana nao huugua.

Kama kuna shaka, mgonjwa hupelekwa kwenye kipimo cha kamera inayoingizwa kupitia njia ya haja. Hapo hukatwa kinyama kidogo na kupelekwa maabara. Jibu la maabara ndilo linalothibitisha ugonjwa. Baadaye hufanyika kipimo cha MRI cha nyonga, kuona uvimbe umefika wapi, na kipimo cha CT cha kifua na tumbo, kuona kama ugonjwa umefika kwenye mapafu au ini. Vipimo hivi ndivyo vinavyoamua njia ya matibabu. Uvimbe mdogo ambao haujatoka nje ya ukuta wa puru huweza kukatwa moja kwa moja bila mionzi. Uvimbe uliopenya ukuta, au uliofika kwenye matezi ya jirani, ndio hasa tunaouzungumzia leo.

TULIKOTOKA

Mwaka 1908 daktari mpasuaji wa London, William Ernest Miles, alieleza namna ya kuliondoa puru lote kwa kukata kupitia tumboni na kupitia chini. Upasuaji huo uliokoa watu, lakini kila mgonjwa alibaki na tundu la choo tumboni maisha yake yote. Na hata hivyo ugonjwa ulirudi nyongani kwa wengi.

Mwaka 1982 mpasuaji mwingine wa Uingereza, Bill Heald wa hospitali ya mji wa Basingstoke, alionyesha umuhimu wa kuliondoa puru pamoja na lile tabaka lake la mafuta likiwa zima, bila kulipasua. Njia hiyo ilipunguza sana kurudi kwa ugonjwa, na leo ndiyo msingi wa upasuaji huu duniani kote.

Wakati huo huo madaktari walikuwa wakijiuliza: je, mionzi ikitangulia inaweza kusaidia? Wasweden walijaribu kwa wagonjwa 1,168. Nusu walipasuliwa tu. Nusu walipigwa mionzi kwa juma moja kabla ya kupasuliwa. Majibu yalitolewa mwaka 1997. Baada ya miaka mitano, kati ya kila wagonjwa 100 waliopasuliwa tu, 27 walirudiwa na ugonjwa nyongani. Kati ya waliotangulia kupigwa mionzi, ni 11. Tena waliokuwa hai baada ya miaka hiyo mitano walikuwa 58 kwa 100, wakati kwa wenzao walikuwa 48.

Wengine wakasema, "Labda upasuaji wa Sweden haukuwa wa namna ya Heald." Basi Waholanzi wakafanya uchunguzi wao, upasuaji wote ukiwa wa namna ile bora. Mwaka 2001 walitangaza kwamba baada ya miaka miwili ugonjwa ulirudi nyongani kwa wagonjwa 8 hivi kati ya 100 waliopasuliwa tu, na kwa 2 hivi kati ya 100 waliotanguliziwa mionzi. Kumbe hata mpasuaji hodari anasaidiwa na mionzi.

KWA NINI MIONZI IFUATANE NA DAWA?

Mionzi hii ni ya jamii moja na ile ya eksirei, ila ina nguvu kubwa zaidi. Inapopita katika chembe ya mwili huharibu ile sehemu ya ndani inayotunza maagizo ya uhai wa chembe hiyo. Chembe nzima zina uwezo mkubwa wa kujitengeneza usiku kucha. Chembe za saratani hujitengeneza kwa shida. Ndiyo sababu mionzi hutolewa kidogo kidogo kila siku badala ya kutolewa yote mara moja.

Dawa inayotumika zaidi pamoja na mionzi ya puru huitwa fluorourasili. Iliundwa Marekani mwaka 1957 na Charles Heidelberger na wenzake. Dawa hii huzuia chembe ya saratani isipate vifaa vya kujitengenezea. Kwa hiyo mionzi huvunja, na dawa humnyang'anya fundi wa adui misumari na mbao za kukarabati. Hutolewa kwa dripu. Siku hizi kuna vidonge viitwavyo kapesitabini ambavyo vikiingia mwilini hugeuka kuwa dawa hiyo hiyo. Mgonjwa huvimeza asubuhi na jioni baada ya kula.

Wafaransa walilinganisha mionzi peke yake na mionzi pamoja na dawa, yote kabla ya kisu. Walitoa majibu mwaka 2006. Baada ya miaka mitano ugonjwa ulirudi nyongani kwa 16 hadi 17 kati ya 100 waliopata mionzi tu, na kwa 8 kati ya 100 waliopata vyote viwili. Lakini tuseme ukweli wote: idadi ya waliokuwa hai ilikuwa karibu sawa katika makundi hayo mawili, na waliopata dawa walisumbuka zaidi wakati wa tiba.

KWA NINI KABLA NA SI BAADA?

Hili ndilo swali la baba yule, na ni swali zuri. Wajerumani walilijibu kwa uchunguzi ulioanza mwaka 1995 na kutangazwa mwaka 2004. Wagonjwa zaidi ya 800 waligawanywa kwa kura. Kundi la kwanza lilipata mionzi na dawa, kisha kisu. Kundi la pili lilipata kisu, kisha mionzi na dawa ile ile.

Majibu yalikuwa hivi. Baada ya miaka mitano ugonjwa ulirudi nyongani kwa 6 kati ya 100 waliotanguliziwa tiba, na kwa 13 kati ya 100 waliopewa tiba baadaye. Madhara makali wakati wa tiba yaliwapata 27 kati ya 100 wa kundi la kwanza, na 40 kati ya 100 wa kundi la pili. Madhara makubwa ya kudumu yalikuwa 14 kwa 24. Tena, miongoni mwa wagonjwa ambao tangu mwanzo wapasuaji walidhani lazima wafungwe njia ya haja moja kwa moja, 39 kati ya 100 waliotanguliziwa tiba waliokoa misuli yao, wakati katika kundi la pili ni 19 tu.

Sababu zake si ngumu kuelewa. Kwanza, kabla ya kisu uvimbe bado unapata damu nzuri yenye hewa ya oksijeni, na mionzi huua zaidi penye oksijeni. Pili, baada ya kupasuliwa utumbo mwembamba huteremka nyongani na kunata huko, hivyo huungua kwa mionzi isiyokuwa yake. Tatu, sehemu ya puru iliyopigwa mionzi huondolewa na mpasuaji, na utumbo mzima usioguswa na mionzi huvutwa kuja kuungwa. Nne, uvimbe hupungua na kuachia ukingo wa kukatia. Tano, mgonjwa ambaye hajapasuliwa bado ana nguvu za kuvumilia tiba.

Lakini hapa pia tusiongeze chumvi. Katika uchunguzi huo wa Wajerumani walioishi miaka mitano walikuwa karibu sawa: 76 kwa 100, na 74 kwa 100. Faida kubwa ilikuwa kuzuia ugonjwa usirudi nyongani, kupunguza madhara, na kuwaokoa baadhi na choo cha tumboni. Tena, tiba ikitangulia, kuna wachache wanaopata mionzi bila kuihitaji kwa sababu vipimo vilikuza ugonjwa wao. Ndiyo maana kipimo kizuri cha MRI ni muhimu kabla ya kuanza.

SAFARI YA MGONJWA ILIVYO

Kabla ya kuanza, mgonjwa hulazwa kwenye mashine ya CT ili wataalamu wachore ramani ya uvimbe, matezi, kibofu na utumbo. Huwekewa alama ndogo kwenye ngozi. Alama hizi zisifutwe, kwani ndizo zinazoelekeza mionzi mahali pale pale kila siku. Mara nyingi huambiwa anywe maji kibofu kijae, ili utumbo mwembamba usogee juu. Mashine hutoa mionzi kutoka pande kadhaa, na mionzi hiyo hukutana kwenye uvimbe.

Katika njia ndefu mgonjwa hupigwa mionzi siku tano kwa juma, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa mara 25 hadi 28, akitumia dawa kwa kipindi hicho. Katika uchunguzi wa Wajerumani ilikuwa mara 28, kwa jumla ya grei 50.4. Grei ni kizio cha kupimia mionzi, kama kilo ilivyo kwa sukari. Kila mara huchukua dakika chache, na mgonjwa hasikii maumivu yoyote mashine inapofanya kazi.

Njia fupi ni ile ya Wasweden: grei 5 kwa siku, kwa siku tano tu. Kwa anayetoka mbali na asiye na mahali pa kufikia, njia hii huweza kuwa nafuu, na familia isione haya kumwuliza daktari kama inamfaa mgonjwa wao. Tangu mwaka 2021 imejulikana pia kwamba njia fupi ikifuatwa na miezi kadhaa ya dawa kabla ya upasuaji husaidia wagonjwa wenye uvimbe wa hatari zaidi. Njia hii nayo ina mipaka yake, na daktari ndiye wa kuipima.

Baada ya njia ndefu, mgonjwa hupumzika kwa majuma sita hadi kumi na mawili. Mapumziko haya ndiyo yanayoleta maneno nyumbani. Lakini mionzi huendelea kufanya kazi hata baada ya mashine kuzimwa. Chembe zilizojeruhiwa hufa polepole kila zinapojaribu kugawanyika, na uvimbe huendelea kusinyaa. Mwili nao hupata nafasi ya kupona. Kisha vipimo hurudiwa, na upasuaji hufanyika. Mara nyingi mgonjwa huwekewa tundu la choo tumboni kwa muda ili mshono upone, na baadaye tundu hilo hufungwa. Kwa wengine, hasa wenye uvimbe uliokaa chini sana, tundu hubaki. Mwenye mfuko wa choo tumboni anaweza kulima, kusafiri, kuimba kwaya na kulea wajukuu. Asitengwe.

Kwa wachache uvimbe hutoweka kabisa. Daktari Angelita Habr-Gama wa São Paulo, Brazil, alitangaza mwaka 2004 kwamba baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo waliachwa bila kupasuliwa huku wakifuatiliwa kwa karibu, na wengi wao waliendelea vizuri. Tangu hapo njia hii imeenea. Lakini inahitaji kamera, MRI na kupimwa kwa kidole kila baada ya miezi michache kwa miaka kadhaa. Uvimbe ukirudi, mgonjwa hupasuliwa mara moja. Asiyeweza kurudi kliniki kwa uaminifu hiyo si njia yake. Na mgonjwa asijiamulie mwenyewe kukataa kisu kwa sababu tu damu imekoma na anajisikia vizuri.

Tuongeze pia kwamba si kila mtu anahitaji mionzi. Mwaka 2023 uchunguzi wa Marekani ulionyesha kwamba wagonjwa waliochaguliwa, wenye uvimbe usio wa hatari kubwa, waliweza kutumia dawa peke yake kabla ya kisu, na mionzi ikawekwa akiba kwa wale ambao uvimbe wao haukupungua vya kutosha. Kwa hiyo usishangae mgonjwa wa jirani akitibiwa tofauti na wa kwako.

Kwa Tanzania, tiba ya mionzi hutolewa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na katika Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, miongoni mwa vituo vichache. Muulizeni daktari wa wilaya au wa mkoa juu ya barua ya rufaa na kituo kilicho karibu nanyi.

MADHARA NA MATUNZO NYUMBANI

Tiba hii ina madhara, na ni haki ya mgonjwa kuelezwa mapema. Kuanzia juma la pili au la tatu huja uchovu, kuharisha, kukojoa mara kwa mara kwa maumivu, na ngozi ya makalioni na kinenani kuwa nyekundu na kuchubuka. Dawa huweza kuleta kichefuchefu na vidonda vya mdomoni. Vidonge huweza kuchubua viganja na nyayo. Kwa kawaida nywele hazing'oki zote.

Ngozi ioshwe kwa maji ya uvuguvugu bila kusugua, na ikaushwe kwa kugusagusa. Mgonjwa avae nguo za pamba zisizobana. Asipakwe mafuta ya mgando, dawa za miti wala chochote ambacho wauguzi hawakukubali. Akiharisha, anywe maji yenye chumvi na sukari ya pakiti za zahanati, ale uji, wali laini, ndizi na supu, na apunguze maharage, pilipili na mboga za nyuzi mpaka atulie. Dawa za kienyeji asitumie bila kumweleza daktari, kwa maana nyingine huharibu ini au hugombana na dawa za hospitali. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo warfarini lazima aseme kabla ya kupewa kapesitabini.

Mgonjwa arudishwe hospitali mara moja, hata usiku, akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, kuharisha kusikokoma, maumivu ya kifua, au kushindwa kula na kunywa. Homa wakati wa dawa hizi isitibiwe kama malaria nyumbani, kwa sababu askari wa mwili wamepungua na maambukizo huweza kuua haraka.

Kuna jambo jingine ambalo wanandoa huliogopa kuliuliza. Mionzi ya nyonga huweza kumaliza uwezo wa kuzaa, kwa mke na kwa mume. Mwanamke ambaye bado anaona siku zake huweza kukoma hedhi mapema, na uke huweza kukaza. Mwanamume huweza kupungukiwa nguvu za kiume. Yote haya yazungumzwe na daktari kabla ya kuanza, mume na mke wakiwa pamoja. Wakati wa tiba mimba isitungwe, kwa kuwa mtoto angedhurika.

MANENO YANAYOVUNJA MOYO

"Saratani ikiguswa na kisu inasambaa." Si kweli. Wengi wanaosema hivyo waliona mgonjwa aliyepasuliwa wakati ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea.

"Aliyepigwa mionzi asikumbatiwe na watoto." Si kweli. Mionzi hii hutoka kwenye mashine, na mashine ikizimwa hakuna mionzi inayobaki mwilini. Baba aweza kumpakata mjukuu wake jioni ile ile. Wala saratani yenyewe haiambukizi kwa kula au kulala pamoja.

"Amepata nafuu, arudi kuvuna kahawa kwanza." Hili ni la hatari kuliko yote. Siku za mionzi zikirukwa ovyo, chembe za saratani zilizobaki hupata muda wa kuota tena. Dozi iliyokatizwa si sawa na dozi iliyokamilika. Hapo ndipo msaada wa jumuiya unapohitajika. Mgonjwa wa wiki tano na nusu mjini anahitaji mahali pa kulala, nauli, na mtu wa kumsindikiza; na shamba lake linahitaji mikono. Jumuiya ndogondogo ikipanga zamu ya kumlimia na kumtafutia mwenyeji parokia ya mjini, itakuwa imeshiriki katika matibabu yake.

Turudi kwa baba wa mfano wetu. Binti yake alimwomba daktari aichore safari yote kwenye karatasi: siku ya kuanza, siku ya kumaliza mionzi, majuma ya mapumziko, tarehe ya MRI ya pili, na juma la upasuaji. Karatasi hiyo ilibandikwa ukutani sebuleni, na maneno ya kuzungushwa yakapungua. Tunashauri kila familia yenye mgonjwa wa namna hii iombe karatasi kama hiyo.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika familia yetu kuna mtu anayeona damu chooni na kunyamaza? Nani anaweza kuzungumza naye bila kumwaibisha?

2. Kuna mzazi, kaka au dada yetu aliyewahi kuugua saratani ya utumbo? Kama yupo, tumemwambia daktari ili nasi tupimwe mapema?

3. Mgonjwa akiambiwa aanze mionzi na dawa kabla ya kisu, tutamweleza vipi ndugu anayesema kwamba hospitali inapoteza muda?

4. Kama mwanajumuiya wetu atatakiwa kukaa mjini wiki tano na nusu, nani atamsindikiza, atafikia wapi, na nani atatunza nyumba na shamba lake?